Utambuzi wa Kushindwa kwa Gasketi ya Hedi na Uvujaji wa Maji katika Injini za Dizeli: Kutoka Barabara ya Holili hadi Boti za Pwani

IKISIRI

Makala hii inafafanua namna ya kutambua kushindwa kwa gasketi ya hedi na uvujaji wa maji katika injini za dizeli. Injini zinazozungumziwa ni za aina mbili: zile za malori yanayopita katika kituo cha mpakani cha Holili, mkoani Kilimanjaro, na zile zilizofungwa ndani ya boti katika mwambao wa Afrika Mashariki. Hoja kuu ni kwamba karibu kila dalili inayohusishwa na gasketi ina maelezo mengine yanayowezekana. Kwa sababu hiyo, uamuzi wa kufungua hedi unapaswa kutanguliwa na vipimo vinavyoondoa maelezo hayo moja baada ya jingine. Makala inaonesha kuwa kanuni moja ya kifizikia, yaani umajimaji na gesi kutoka penye shinikizo kubwa kuelekea penye shinikizo dogo, inatosha kuongoza sehemu kubwa ya utambuzi huo. Aidha, inajadili namna misemo ya gereji kama vile "injini imechemsha" na "gasketi imeungua" inavyoweza kufunga uchunguzi kabla haujaanza.

1.0 Utangulizi

Holili ni mji mdogo wa mpakani katika Wilaya ya Rombo, ukitazamana na Taveta upande wa Kenya. Tangu mwaka 2016, pande hizi mbili zimekuwa zikihudumiwa kwa utaratibu wa kituo cha pamoja, ambapo gari hukaguliwa mara moja tu katika nchi linakoingia. Malori yanayotoka bandari ya Mombasa kupitia Voi na Taveta huanza safari usawa wa bahari na kupanda hatua kwa hatua hadi Himo na Moshi, mji ulio kwenye mwinuko wa takribani mita 800 hadi 900. Mengine huiacha barabara kuu pale Himo na kushika njia ya Marangu, Mkuu na Tarakea, inayopanda juu zaidi kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro.

Njia hiyo ni kipimo kigumu kwa mfumo wa kupozea injini. Lori lenye shehena hupanda taratibu kwa gia ya chini. Injini huzalisha joto jingi, ilhali upepo unaopita kwenye rejeta ni mdogo. Likifika mpakani, linasimama kwenye foleni. Hapo ndipo dereva huona mshale wa joto ukipanda, na utingo hutumwa kutafuta maji. Uamuzi utakaofanywa katika saa moja inayofuata ndio utakaoamua kama injini itarekebishwa kwa kubadilisha mpira wa shilingi elfu chache au itafunguliwa yote.

Boti za pwani zinaonekana kuwa mbali na hali hiyo, lakini undugu wake ni wa karibu. Injini nyingi za boti ni injini za magari au mitambo ya nchi kavu zilizorekebishwa ili zipozwe kwa maji ya bahari. Bloku, pistoni, hedi na gasketi yake ni vilevile. Kinachobadilika ni njia ya maji na njia ya moshi. Kwa hiyo, fundi anayeelewa vizuri injini ya lori anajua nusu ya utambuzi wa injini ya boti. Nusu ya pili inajadiliwa katika sehemu ya 5.0.

2.0 Kazi ya Gasketi na Kanuni ya Shinikizo

Gasketi ya hedi hukaa kati ya bloku na hedi. Kazi yake ni kutenganisha vitu vitatu vinavyopita karibu sana bila kuchanganyika: gesi ya mwako ndani ya silinda, oili inayopanda kulainisha vali, na maji yanayozunguka kuondoa joto. Mahali pengine umbali kati ya silinda na tundu la maji ni milimita chache tu.

Vitu hivyo vitatu havina shinikizo sawa. Katika injini ya dizeli inayofanya kazi, gesi ya mwako hufikia baa 100 na zaidi kwa muda mfupi sana wa kila mlipuko. Baa moja ni kizio kinachokaribia shinikizo la hewa usawa wa bahari. Oili huwa kati ya baa 2 na 5, na maji hayazidi sana baa 1 juu ya shinikizo la hewa. Injini inapozimwa, mpangilio huo hubadilika. Gesi hutoweka, pampu ya oili husimama, na maji yaliyo moto hubaki yakiwa na shinikizo kwa muda kabla ya kupoa.

Kutokana na ukweli huo, mwelekeo wa uvujaji unaweza kutabiriwa. Injini inapofanya kazi, gesi husukumwa kuingia kwenye maji, na oili husukumwa kuingia kwenye maji. Injini inapozimwa ikiwa moto, maji ndiyo yanayoingia kwenye silinda au kwenye oili. Hivyo basi, ufa mmoja unaweza kutoa dalili mbili tofauti kwa nyakati mbili tofauti: mapovu kwenye rejeta wakati wa safari, na moshi mweupe asubuhi inayofuata injini inapowashwa. Fundi asiyejua kanuni hii huziona dalili hizo kuwa ni magonjwa mawili.

3.0 Sababu za Gasketi Kushindwa

Gasketi hushindwa kwa uzee, kwa kutu, kwa kufungwa vibaya au kwa bolti zilizolegea. Hata hivyo, sababu iliyo ya kawaida zaidi ni joto kupita kiasi, na joto hilo huwa na chanzo chake nje ya gasketi.

Namna joto linavyoharibu inaelezeka kwa hesabu fupi. Aluminiamu hutanuka kwa takribani sehemu 23 katika milioni kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, na chuma cha kumimina kwa takribani sehemu 11 hadi 12. Hedi ya aluminiamu yenye urefu wa milimita 500 ikipashwa nyuzi 80 zaidi hurefuka kwa takribani milimita 0.9, ilhali bloku ya chuma iliyo chini yake hurefuka kwa nusu ya kiasi hicho. Gasketi hutengenezwa ili kuvumilia msuguano huo kila siku. Injini ikichemsha, tofauti hiyo huongezeka, tena huwa kubwa mahali pamoja kuliko pengine. Hedi iliyobanwa na bolti haina pa kwenda, hivyo hupinda. Ikipoa, haitulii tena sawasawa juu ya bloku. Hedi nyingi za injini kubwa za malori ni za chuma, na hivyo tofauti ya kutanuka ni ndogo. Hizo nazo zina udhaifu wake, kwani joto la ghafla huzipasua, hasa kati ya vali mbili.

Mwinuko wa mahali una nafasi yake katika suala hili. Maji yasiyo na shinikizo la ziada huchemka kwa nyuzi 100 usawa wa bahari. Kiwango hicho hushuka kwa takribani nyuzi moja kwa kila mita 300 za kupanda. Kwenye mwinuko wa mita 900 maji huchemka kwa takribani nyuzi 97, na kwenye lango la Marangu, lililo zaidi ya mita 1,800, huchemka kwa takribani nyuzi 94. Kifuniko cha rejeta ndicho kinachofidia upungufu huo. Kifuniko kizima cha baa 0.9 huwezesha maji kufikia takribani nyuzi 115 kwenye mwinuko wa lango hilo bila kuchemka.

Themostati za injini nyingi huanza kufunguka kwa takribani nyuzi 82, na joto la kawaida la kazi hucheza juu kidogo ya hapo. Ikiwa mpira wa kifuniko umekauka au springi yake imechoka, nafasi iliyobaki kati ya joto la kawaida na kuchemka hupungua kutoka zaidi ya nyuzi 20 hadi nyuzi chache tu. Injini iliyosafiri salama kutoka Mombasa hadi Voi ikiwa na kifuniko kibovu inaweza kuchemka baada ya Himo, si kwa sababu gasketi imekufa njiani, bali kwa sababu mlima umefichua ubovu uliokuwepo tangu mwanzo.

Maji yenyewe nayo ni sababu. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro maji hupatikana kwa urahisi katika mifongo, yaani mifereji ya asili ya Wachagga, na katika chemchemi na visima. Maji ya mfereji hubeba tope laini, na maji ya ardhini hubeba madini. Yakimiminwa kwenye rejeta mara kwa mara bila dawa ya kuzuia kutu, tope hutuama sehemu ya chini ya bloku, madini hujenga gamba kwenye kuta za silinda, na kutu hula kingo za matundu ya maji palepale gasketi inapokaa. Maji ya baridi yakimiminwa kwenye injini iliyochemka huongeza hatari ya kupasua hedi. Msaada wa dharura wa leo unaweza kuwa chanzo cha kufungua injini kesho.

4.0 Dalili na Maelezo Yake Mbadala

Dalili zinazotajwa mara kwa mara ni nne: injini kuchemka, maji kupungua bila kuonekana yanapokwenda, moshi mweupe, na oili kugeuka rangi ya chai ya maziwa. Kila mojawapo inaweza kusababishwa na gasketi, lakini hakuna hata moja inayothibitisha gasketi ikiwa peke yake.

Kuchemka kunaweza kutokana na themostati iliyogoma kufunguka, mkanda wa feni uliolegea, pampu ya maji yenye mapanga yaliyoliwa, rejeta iliyozibwa na tope kwa ndani au na vumbi na majani kwa nje, au kifuniko kilichochoka. Maji kupungua kunaweza kutokana na tundu dogo lililo chini ya shingo ya pampu ya maji, ambalo hutoa matone sili ya pampu inapokwisha, au na vizibo vya chuma vya pembeni mwa bloku vilivyoliwa na kutu. Uvujaji wa aina hii hukauka juu ya injini moto kabla haujafika chini, na huacha alama nyeupe au ya rangi ya kutu.

Moshi mweupe una asili mbili. Mvuke wa maji hupotea hewani haraka na hauna harufu kali. Dizeli isiyoungua, inayotokana na nozeli mbovu au mgandamizo mdogo, hutoa moshi mweupe unaokaa hewani, wenye harufu ya mafuta na unaowasha macho. Asubuhi ya baridi pale Marangu, injini nzima kabisa hutoa moshi mweupe kwa dakika kadhaa. Kwa hiyo linalopaswa kuulizwa ni kama moshi huo unaendelea baada ya injini kupata moto, na unanuka nini.

Oili yenye rangi ya maziwa nayo inahitaji uangalifu. Utando mwepesi chini ya kifuniko cha kujazia oili unaweza kuwa unyevu tu wa injini inayoendeshwa safari fupi. Mchanganyiko unaoonekana kwenye kijiti cha kupimia oili ni jambo zito zaidi. Hata hivyo, huo nao unaweza kutoka kwenye kipoza oili, ambamo oili na maji hupita pande mbili za ukuta mwembamba. Katika injini zenye silivu zinazoguswa na maji moja kwa moja, unaweza kutoka kwenye ringi za mpira zilizo chini ya silivu. Kufungua hedi kwa ajili ya maji yaliyopitia mahali hapo ni kazi bure.

Malori yenye breki za upepo yana mtego wa pekee. Kompresa ya upepo katika malori mengi hupozwa kwa maji ya injini. Gasketi ya kompresa hiyo ikishindwa, upepo huingia kwenye maji, rejeta hutoa mapovu, maji husukumwa nje na injini huchemka. Dalili zote zinafanana na za gasketi ya hedi. Tofauti ni kwamba kinachoingia ni hewa ya kawaida, si gesi iliyoungua. Mtego huu huondolewa kwa kutenga mabomba ya maji ya kompresa kwa muda mfupi na kuangalia kama mapovu yanakoma.

5.0 Hali ya Pekee ya Injini za Boti

Injini iliyofungwa ndani ya boti haina rejeta ya upepo. Katika mfumo wa kwanza, maji ya bahari huvutwa moja kwa moja na kupitishwa ndani ya bloku. Injini za aina hii huwekewa themostati ya joto la chini, takribani nyuzi 60 au pungufu, kwa sababu joto likizidi hapo chumvi na chokaa huganda kwa wingi ndani ya njia za maji. Katika mfumo wa pili, maji matamu huzunguka ndani ya injini na hupozwa na maji ya bahari katika kibadilisha joto, ambacho ni chombo chenye mabomba membamba yanayotenganisha maji ya aina hizo mbili.

Mfumo wa pili unampa fundi faida ambayo fundi wa lori hana, kwani chumvi hutaja njia ya uvujaji. Maji ya bahari yana takribani gramu 35 za chumvi katika kila lita. Maji yaliyotolewa kwenye silinda au chini ya sampu yakikaushwa juu ya kipande safi cha bati, yale ya bahari huacha ganda jeupe la chumvi linaloonekana wazi. Ganda hilo likionekana, gasketi ya hedi si mshukiwa wa kwanza, kwa kuwa maji yanayopita kwenye gasketi katika mfumo huu ni matamu. Lisipoonekana, hedi, gasketi na silivu hurudi kwenye orodha. Kionjo cha ulimi hakifai, kwa sababu dawa nyingi za kuchanganya na maji ya injini ni sumu. Kipimo hiki hakisaidii katika injini inayopozwa moja kwa moja na bahari, wala katika Ziwa Viktoria na Ziwa Tanganyika, ambako maji ya nje nayo ni matamu.

Chumvi ikithibitika ndani ya silinda, njia ya kwanza ya kuchunguza ni ekzosi. Katika boti nyingi maji ya bahari yaliyomaliza kupoza humwagwa ndani ya bomba la moshi kwenye kiwiko kilicho karibu na injini, kisha hutoka nje pamoja na moshi. Kiwiko hicho huliwa na kutu kwa ndani bila kuonekana kwa nje. Kikitoboka, maji hurudi kwenye vali za ekzosi. Njia ya pili ni mfyonzo: injini ikiwa chini ya usawa wa maji na vali ya kuingiza hewa kwenye bomba ikiwa imeziba kwa chumvi, bahari hujivuta yenyewe hadi ndani ya ekzosi baada ya injini kuzimwa. Njia ya tatu husababishwa na mwendeshaji. Akipiga stata muda mrefu bila injini kuwaka, pampu huendelea kuleta maji ilhali hakuna moshi wa kuyasukuma nje, hivyo maji hujaa na kurudi kwenye silinda. Katika hali zote tatu gasketi ni nzima.

Maji ndani ya silinda hayagandamiziki. Stata ikipigwa pistoni ikiwa na maji juu yake, mkono wa pistoni unaweza kupinda. Kwa hiyo, injini inayogoma ghafla kuzunguka baada ya usiku mmoja gatini haipaswi kulazimishwa. Nozeli zitolewe kwanza, kisha injini izungushwe kwa mkono ili maji yatoke. Ikiwa maji ya chumvi yameingia kwenye oili, muda ndio adui mkubwa. Oili humwagwa mara moja, injini husafishwa kwa oili mpya zaidi ya mara moja, kisha huwashwa na kupata moto, kwa sababu chumvi huanza kula beringi na kuta za silinda ndani ya muda mfupi. Kwa nahodha, suala hili si la gharama peke yake. Lori lililokufa Himo husubiri kando ya barabara, ilhali boti iliyokufa mkondoni wakati wa kusi hupelekwa na bahari.

6.0 Mpangilio wa Vipimo

Vipimo hupangwa kutoka visivyo na gharama hadi vyenye gharama, na kutoka visivyofungua kitu hadi vinavyofungua. Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa moto, kwani maji yaliyozuiwa na shinikizo hugeuka mvuke papo hapo na kumwunguza anayefungua.

Hatua ya kwanza ni historia. Dereva au nahodha huulizwa lini maji yalianza kupungua, kiasi gani huongezwa kila siku, injini ilichemka kabla au baada ya maji kupungua, na nani aliifungua mara ya mwisho. Swali la mpangilio wa matukio ndilo lenye uzito zaidi. Maji yakipungua kwanza na kuchemka kukafuata, uvujaji ni mshukiwa. Kuchemka kukianza maji yakiwa yamejaa, mzunguko wa maji au upozaji wake ndio unaoshukiwa.

Hatua ya pili ni kupima mfumo ukiwa baridi. Pampu ya mkono yenye saa hufungwa mahali pa kifuniko na kusukuma hewa hadi shinikizo lililoandikwa kwenye kifuniko, bila kulizidi. Shinikizo likishuka, hutafutwa unyevu kwa nje. Likishuka pasipo unyevu wowote nje, maji yanaingia ndani. Kifuniko chenyewe hupimwa kwa pampu hiyohiyo.

Hatua ya tatu ni kuwasha injini ikiwa baridi. Bomba la juu la rejeta likiwa gumu ndani ya sekunde chache, kabla maji hayajapata moto, shinikizo hilo halikutokana na joto. Mkanda wa pampu ya maji ukiondolewa kwa muda usiozidi dakika moja au mbili, na maji yakijazwa hadi mdomoni, mapovu yanayoendelea kupanda huonesha kuwa gesi inaingia. Katika lori lenye breki za upepo, kompresa hutengwa kwanza.

Hatua ya nne ni kipimo cha kemikali. Mvuke unaotoka mdomoni mwa rejeta huvutwa kupitia dawa ya buluu ambayo hugeuka njano ikikutana na hewa ya ukaa. Katika dizeli inayonguruma bila mzigo, gesi ya mwako huwa na hewa ya ukaa kidogo, hivyo kipimo kinaweza kutoa jibu la uongo la "hakuna". Kinapaswa kurudiwa baada ya injini kufanya kazi kwa mzigo.

Hatua ya tano ni mgandamizo. Silinda mbili zinazopakana zikiwa na mgandamizo mdogo kwa pamoja, gasketi iliyo kati yake ndiyo yenye mashaka makubwa. Silinda moja ikiwa dhaifu, hewa ya kompresa huingizwa ndani yake vali zote zikiwa zimefungwa na pistoni ikiwa juu, kisha husikilizwa inakotokea. Kwenye rejeta humaanisha gasketi au ufa, kwenye tundu la oili humaanisha ringi, na kwenye njia ya hewa au ekzosi humaanisha vali.

Ni baada ya hatua hizo ndipo hedi hufunguliwa. Hata hapo uchunguzi haujaisha. Gasketi iliyotolewa ni shahidi na haipaswi kutupwa kabla ya kusomwa. Mstari mweusi unaotoka kwenye silinda kwenda kwenye tundu la maji huonesha njia ya gesi. Uso wa hedi hupimwa kwa rula nyoofu na feleji nyembamba za vipimo, na kwa kawaida upindaji wa milimita 0.1 ni mkubwa mno kwa injini nyingi, ingawa kitabu cha mtengenezaji ndicho chenye kauli ya mwisho. Kimo cha silivu juu ya bloku hupimwa, kwa sababu silivu iliyozama huua gasketi mpya kwa muda mfupi. Hedi hupimwa kwa hewa ndani ya maji moto ili kufichua nyufa. Bolti za aina inayovutika wakati wa kukazwa hubadilishwa, hazirudiwi.

7.0 Lugha ya Gereji na Hatima ya Uchunguzi

Kiswahili cha gereji kimejitosheleza kwa msamiati wa injini. Fundi na dereva wanaelewana kwa "rejeta", "hedi", "silivu", "nozeli" na "kunoki" bila kuhitaji lugha nyingine. Ugumu hauko katika uhaba wa maneno, bali katika kazi inayofanywa na baadhi ya misemo. "Injini imechemsha" ni maelezo ya tukio, lakini hupokewa kama jina la ugonjwa. "Gasketi imeungua" ni maelezo ya matokeo, lakini hupokewa kama sababu. "Injini inakunywa maji" hudokeza kuwa maji yameingia ndani, ingawa huenda yanadondoka pembeni mwa pampu.

Athari ya misemo hiyo ni ya kivitendo. Dereva akifika gereji na kusema gasketi imeungua, swali la kilichoiunguza halina tena mahali pa kuulizwa. Gasketi hubadilishwa, rejeta iliyojaa tope hurudishwa ilivyo, na mlima hufanya kazi yake tena. Lawama huiangukia gasketi kwamba ni bandia, au fundi kwamba hajui kazi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika injini, fundi anayeziba ufa bila kujua kilichoupasua naye atajenga ukuta, tena zaidi ya mara moja.

Njia ya kurekebisha hali hiyo haihitaji istilahi mpya. Inatosha kutenganisha katika kauli mambo matatu: kilichoonekana, mahali panapovuja, na kilichosababisha. "Maji yanapungua lita moja kwa siku" ni kilichoonekana. "Yanaingia silinda ya tatu" ni mahali. "Hedi imepinda kwa sababu kifuniko cha rejeta kilikuwa hakishiki shinikizo" ni sababu. Kauli hizo tatu zikiandikwa kwenye karatasi ya kazi, fundi anayefuata ataanza pale mwenzake alipoishia.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kuwa kushindwa kwa gasketi ya hedi ni mwisho wa mlolongo ambao mara nyingi huanzia mahali pengine: kifuniko, themostati, tope kwenye rejeta, au kiwiko cha ekzosi katika boti. Kanuni ya shinikizo hueleza kwa nini dalili hubadilika injini inapowaka na inapozimwa. Mwinuko wa Kilimanjaro hueleza kwa nini ubovu uliovumilika pwani hujitokeza baada ya Himo. Katika boti zenye mizunguko miwili ya maji, chumvi hutenganisha uvujaji wa bahari na ule wa ndani ya injini. Katika mazingira yote mawili, mpangilio wa uchunguzi ni mmoja: kusikiliza historia, kupima bila kufungua, kuondoa washukiwa wengine, na kufungua mwishoni. Gasketi mpya hufungwa baada ya kilichoiua ya kwanza kujulikana na kuondolewa.